Kusakinisha Debian bila mtu mbele ya kibodi: mwongozo kamili wa PXE na faili la majibu

Kisakinishi cha Debian huuliza maswali mengi: lugha, nchi, kibodi, jina la mashine, nywila, diski ya kufuta, vifurushi vya kuweka. Ukiwa na kompyuta moja, maswali hayo hayana uzito. Ukiwa na maabara ya shule yenye kompyuta 30, utajibu yale yale mara 30, na mahali fulani katikati utachoka na kuchagua diski isiyo yake.

Kusakinisha bila mtu maana yake ni kukipa kisakinishi majibu yote kabla hakijauliza. Kisakinishi chenyewe kitafika kwenye kila mashine kwa PXE, yaani njia ya kompyuta kuwaka kupitia mtandao badala ya diski. Debian huyaweka majibu hayo katika faili moja la maandishi liitwalo preseed. Kulijaza si kazi ngumu. Wengi hukwama kwa sababu kila jibu lina wakati wake wa kuhitajika. Faili linalopakuliwa kupitia mtandao haliwezi kujibu swali la mtandao, kwa kuwa swali hilo huulizwa kabla faili halijafika. Ukilishika hili tangu mwanzo, makosa mengi yatajieleza yenyewe.

Huenda ukauliza kwa nini usisakinishe mashine moja kisha ukanakili diski yake kwenye nyingine zote. Inawezekana, lakini nakala hubeba kila kitu: funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali) za mashine ya kwanza, faili la /etc/machine-id, jina la mashine, na ukubwa wa patisheni uliokatwa kwa diski ile. Mashine zenye machine-id moja zinaweza hata kugombania anwani moja ya IP. Usakinishaji wa kujiendesha huipa kila mashine utambulisho wake na kupima diski iliyopo, hata kama kompyuta zilinunuliwa kwa nyakati tofauti.

Mifano hapa ni ya Debian 12 (bookworm, 2023). Kwa Debian 13 (trixie, 2025) njia ni ile ile, ila badilisha jina la toleo kwenye anwani za kupakua. Ubuntu Server iliacha preseed tangu 20.04 na hutumia faili la YAML liitwalo autoinstall, Red Hat na ndugu zake wana Kickstart, na Windows ina autounattend.xml. Mpangilio wa mtandao ulioelezwa hapa utakufaa huko pia, ila faili la majibu litaandikwa upya.

## Unachohitaji

Kompyuta moja itakayokuwa seva. Haihitaji nguvu nyingi, lakini iwe na kadi mbili za mtandao: moja ya kwenda intaneti, nyingine ya kwenda kwenye mashine zinazosakinishwa. Diski yake iwe na nafasi ya wazi ya gigabaiti 20 hivi kwa ajili ya vifurushi. Uwe na swichi ya gigabiti, kwani ya megabiti 100 inafanya kazi lakini utasubiri. Kebo moja kwa kila mashine.

Swichi hiyo isiunganishwe na mtandao wa ofisi wala wa shule. Seva hii itagawa anwani kwa kila anayeomba, na itafuta diski ya kila mashine inayowaka kupitia mtandao. Kompyuta ya mhasibu ikiwaka kwa bahati mbaya kwenye swichi hiyo, mafaili yake yamekwenda.

## Seva

Mfano unachukulia kwamba kadi ya ndani inaitwa enp3s0. Ya kwako utaiona kwa `ip link`. Ipe anwani isiyobadilika katika /etc/network/interfaces:

```
auto enp3s0
iface enp3s0 inet static
    address 192.168.50.1/24
```

Washa kadi kwa `ifup enp3s0`, kisha weka programu:

```
apt install dnsmasq nginx apt-cacher-ng chrony whois debconf-utils
```

dnsmasq itagawa anwani na kutuma mafaili ya kuwashia mashine. nginx itatoa faili la majibu. apt-cacher-ng huhifadhi kila kifurushi kilichopakuliwa mara ya kwanza, ili mashine ya pili na zinazofuata zikipate hapo hapo. Palipo na intaneti ya kulipia kwa bando, hiki ndicho kipande chenye faida kubwa kuliko vyote. Mazingira ya desktop yanaweza kufika gigabaiti 1 kwa mashine, na bila ghala hilo utailipia mara 30. Faida ya pili ni kwamba mashine zinazosakinishwa hazihitaji njia ya intaneti kabisa, kwani seva ndiyo inayotoka nje kwa niaba yao.

Sasa leta mafaili ya kuwashia:

```
mkdir -p /srv/tftp && cd /srv/tftp
wget http://deb.debian.org/debian/dists/bookworm/main/installer-amd64/current/images/netboot/netboot.tar.gz
tar xzf netboot.tar.gz
```

Andika /etc/dnsmasq.d/usakinishaji.conf:

```
interface=enp3s0
bind-interfaces
dhcp-range=192.168.50.100,192.168.50.200,255.255.255.0,2h
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp
dhcp-match=set:bios,option:client-arch,0
dhcp-match=set:efi,option:client-arch,7
dhcp-match=set:efi,option:client-arch,9
dhcp-boot=tag:bios,pxelinux.0
dhcp-boot=tag:efi,debian-installer/amd64/bootnetx64.efi
```

Mistari mitano ya mwisho ndiyo inayotenganisha mashine za zamani zenye BIOS na mpya zenye UEFI (zote mbili ni programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta). Kila mashine ikiomba anwani hutaja aina yake kwa namba: 0 ni BIOS, 7 na 9 ni UEFI ya biti 64. Ukiipa mashine ya UEFI faili la pxelinux.0, italipakua halafu italikataa, mara nyingi bila ujumbe wenye maana. Faili la bootnetx64.efi limetiwa saini, kwa hiyo Secure Boot si lazima izimwe.

Anzisha upya kwa `systemctl restart dnsmasq`.

## Mstari wa kuwashia

Majibu ya mapema kabisa hukaa hapa, kwenye vigezo vya kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachowaka kwanza. Kwa mashine za BIOS, futa kilichomo katika /srv/tftp/pxelinux.cfg/default, uandike:

```
DEFAULT sakinisha
LABEL sakinisha
  KERNEL debian-installer/amd64/linux
  APPEND initrd=debian-installer/amd64/initrd.gz auto=true priority=critical interface=auto url=http://192.168.50.1/preseed.cfg --- quiet
```

Kwa UEFI, faili ni /srv/tftp/debian-installer/amd64/grub/grub.cfg:

```
set timeout=5
menuentry "Sakinisha Debian" {
  linux /debian-installer/amd64/linux auto=true priority=critical interface=auto url=http://192.168.50.1/preseed.cfg --- quiet
  initrd /debian-installer/amd64/initrd.gz
}
```

`auto=true` huahirisha maswali ya lugha na kibodi hadi mtandao uwe tayari na faili la majibu limeshasomwa. Bila kigezo hiki, kisakinishi kitasimama kwenye swali la lugha hata kama jibu lake limo kwenye faili lako. `interface=auto` huchagua kadi yenye kebo iliyounganishwa, na jibu hili lazima liwe hapa, kwa kuwa huhitajika kabla ya kupakua chochote.

`priority=critical` hunyamazisha maswali yote yasiyo ya lazima na kutumia chaguo-msingi. Kunyamazishwa si sawa na kujibiwa. Jibu ulilolisahau halitakuletea swali, litajazwa kimya kimya na chaguo la Debian, na utaligundua baada ya mashine zote kukamilika. Kwa jaribio la kwanza tumia `priority=high`, uone ni maswali gani yanajitokeza, uyajibu ndani ya faili, ndipo urudishe critical.

## Faili la majibu

Liweke katika /var/www/html/preseed.cfg. Kila mstari una sehemu nne: mwenye swali (mara nyingi d-i, yaani kisakinishi chenyewe), jina la swali, aina ya jibu, na jibu. Kati ya aina na jibu pawe na nafasi moja tu. Ukiweka mbili, ile ya ziada huhesabiwa kuwa sehemu ya jibu, na " regular" si "regular". Usipange safu zako zilingane kwa kupendeza macho, kwani kosa hili hula saa nyingi za watu na halionekani kwa kutazama.

```
d-i debian-installer/language string en
d-i debian-installer/country string TZ
d-i debian-installer/locale string en_US.UTF-8
d-i keyboard-configuration/xkb-keymap select us

d-i netcfg/get_hostname string unassigned-hostname
d-i netcfg/get_domain string unassigned-domain

d-i mirror/country string manual
d-i mirror/http/hostname string deb.debian.org
d-i mirror/http/directory string /debian
d-i mirror/http/proxy string http://192.168.50.1:3142

d-i passwd/root-login boolean false
d-i passwd/user-fullname string Msimamizi
d-i passwd/username string msimamizi
d-i passwd/user-password-crypted password WEKA_HAPA_NYWILA_ILIYOSIMBWA

d-i clock-setup/utc boolean true
d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam
d-i clock-setup/ntp boolean true
d-i clock-setup/ntp-server string 192.168.50.1

d-i partman-auto/method string regular
d-i partman-auto/choose_recipe select atomic
d-i partman-lvm/device_remove_lvm boolean true
d-i partman-md/device_remove_md boolean true
d-i partman-efi/non_efi_system boolean true
d-i partman-partitioning/confirm_write_new_label boolean true
d-i partman/choose_partition select finish
d-i partman/confirm boolean true
d-i partman/confirm_nooverwrite boolean true

d-i apt-setup/non-free-firmware boolean true
tasksel tasksel/first multiselect standard, xfce-desktop, ssh-server
d-i pkgsel/upgrade select full-upgrade
popularity-contest popularity-contest/participate boolean false

d-i grub-installer/only_debian boolean true
d-i finish-install/reboot_in_progress note
```

Nywila usiiandike wazi. Tengeneza iliyosimbwa kwa `mkpasswd -m sha-512`, ubandike matokeo yake yote, kuanzia alama ya `$6$`. Hata hivyo, yeyote aliye kwenye swichi hiyo anaweza kulifungua faili kwa kivinjari na kuichukua. Kwa hiyo iwe nywila ya muda, utakayoibadilisha baadaye kupitia SSH. Kwa kuwa root hana nywila, mtumiaji msimamizi hupewa sudo moja kwa moja.

Kwa ajili ya saa, ongeza mstari `allow 192.168.50.0/24` katika /etc/chrony/chrony.conf ya seva, kisha uanzishe chrony upya. Mashine hazina intaneti, kwa hiyo zitaiuliza seva saa ngapi.

Kuhusu jina la mashine: maneno unassigned-hostname huacha nafasi kwa DHCP (huduma ya kugawa anwani, hapa ni dnsmasq) kulitoa. Andika anwani za MAC (namba ya kipekee ya kila kadi ya mtandao) za mashine zako kwenye faili la dnsmasq, mstari mmoja kwa kila moja:

```
dhcp-host=52:54:00:aa:bb:01,lab-01,192.168.50.101
dhcp-host=52:54:00:aa:bb:02,lab-02,192.168.50.102
```

Kukusanya MAC 30 kunaonekana kama kazi ya bure, lakini ukiziwasha zote mara moja kwenye swichi, dnsmasq itaziorodhesha yenyewe katika /var/lib/misc/dnsmasq.leases. Hapo zisiruhusiwe kusakinisha: kabla hujaziwasha, ondoa kwa muda mistari ya dhcp-boot. Tatizo litakalobaki ni kujua MAC ipi ni ya meza ipi. Ziwashe kwa kufuata mpangilio wa meza, moja baada ya nyingine, na mpangilio wa kuonekana kwake utakuambia.

## Diski

Sehemu hii ndiyo inayoweza kuharibu kitu kisichorudi. Ukiandika `/dev/sda` moja kwa moja, mashine zenye NVMe (aina mpya ya diski za kasi) zitakwama, kwa kuwa diski yao huitwa /dev/nvme0n1. Mashine yenye flashi iliyosahaulika kwenye tundu la USB inaweza kuiita flashi hiyo sda, na mfumo wako ukaandikwa humo. Ni salama zaidi kuchagua diski wakati wenyewe wa kusakinisha, kwa kuongeza hii ndani ya faili la majibu:

```
d-i partman/early_command string \
  D=$(list-devices disk | grep nvme | head -n1); \
  [ -n "$D" ] || D=$(list-devices disk | head -n1); \
  debconf-set partman-auto/disk "$D"; \
  debconf-set grub-installer/bootdev "$D"
```

Amri hii huendeshwa kabla tu ya kugawa diski. Hutafuta NVMe kwanza, isipopatikana huchukua diski ya kwanza kwenye orodha. Alama ya mkwaju wa nyuma mwishoni mwa mstari huunganisha mstari unaofuata, na pasiwe na nafasi baada yake. Kwa mashine zenye diski mbili, usiitegemee amri hii kwa macho yaliyofumba: fungua mashine moja, tazama jina la kila diski, na urekebishe sharti. Na kabla ya siku ya kazi, pita kila meza uchomoe kila flashi na kila diski ya nje.

Wakati mwingine orodha hutoka tupu ingawa diski imo. Kwenye kompyuta nyingi zenye Intel, diski imewekwa katika hali ya RAID au RST ndani ya mipangilio ya UEFI, na kerneli haiioni NVMe iliyofichwa nyuma yake. Ibadilishe iwe AHCI. Kama Windows iliyomo bado inahitajika, usiguse, kwani inaweza kukataa kuwaka.

## Baada ya kusakinisha

Kuna mambo ambayo faili la majibu halina swali lake: funguo za SSH, mipangilio ya shule, printa. Hayo huwekwa na amri ya mwisho, inayoendeshwa kabla mashine haijajiwasha upya:

```
d-i preseed/late_command string wget -O /target/root/maliza.sh http://192.168.50.1/maliza.sh && in-target sh /root/maliza.sh
```

Mfumo mpya uko chini ya /target, na `in-target` huendesha amri ndani yake. Weka kazi zote kwenye hati moja ya shell, maliza.sh, ikae kando ya preseed.cfg, badala ya kurundika amri kumi ndani ya preseed. Utairekebisha bila kuligusa faili la majibu, na unaweza kuijaribu peke yake.

```
#!/bin/sh
set -e
H=/home/msimamizi
install -d -m 700 -o msimamizi -g msimamizi $H/.ssh
echo 'ssh-ed25519 UFUNGUO_WAKO_WA_WAZI' > $H/.ssh/authorized_keys
chown msimamizi:msimamizi $H/.ssh/authorized_keys
chmod 600 $H/.ssh/authorized_keys
sed -i '/Acquire::http::Proxy/d' /etc/apt/apt.conf
```

Mstari wa mwisho usiuache. Kisakinishi huandika anwani ya ghala la vifurushi ndani ya mfumo mpya. Mashine ikihamishiwa mtandao mwingine, `apt update` itaitafuta 192.168.50.1 isiyokuwepo na kushindwa. Ndani ya hati hii huduma hazijaanza kufanya kazi, kwa hiyo `systemctl enable` inakubali, `systemctl start` haikubali. Na kwa kuwa kuna `set -e`, amri moja ikishindwa kisakinishi kitaonyesha kosa na kusimama. Ni afadhali hivyo kuliko mashine iliyokamilika nusu ikajifanya nzima.

## Jaribu kabla ya kugusa mashine za kweli

Angalia kwanza uandishi wa faili:

```
debconf-set-selections -c /var/www/html/preseed.cfg
```

Hii hukamata mistari iliyovunjika, ila haijui kama jina la swali ni la kweli. Kwa hilo endesha mashine ya kidhahania kwa QEMU (weka vifurushi vya qemu-system-x86 na qemu-utils), bila hata kuhitaji PXE:

```
cd /srv/tftp/debian-installer/amd64
qemu-img create -f qcow2 /tmp/jaribio.qcow2 20G
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -no-reboot \
  -kernel linux -initrd initrd.gz \
  -append "auto=true priority=high interface=auto url=http://192.168.50.1/preseed.cfg" \
  -drive file=/tmp/jaribio.qcow2,if=virtio -nic user
```

Swali lolote likijitokeza, bonyeza Alt+F4 kusoma kumbukumbu za kisakinishi, au Alt+F2 kupata shell na kusoma /var/log/syslog. Jina la swali lisipoeleweka, ongeza `DEBCONF_DEBUG=5` kwenye vigezo, na kumbukumbu zitalitaja. Njia nyingine ni kusakinisha mashine moja kwa mkono kama unavyotaka, kisha humo uendeshe `debconf-get-selections --installer`, upate majibu yote uliyotoa. Usilitumie faili hilo zima kama lilivyo, kwani limejaa majibu ya ndani ambayo hayafai kulazimishwa. Chota mistari unayoitafuta tu.

Jaribio likipita bila swali lolote, rudia na `priority=critical`, halafu chukua mashine moja ya kweli.

## Siku ya kazi

Kwenye mipangilio ya kila mashine, washa kuwaka kwa mtandao (kwenye UEFI huenda ukahitaji kuwasha pia IPv4 PXE). Usiweke mtandao kuwa wa kwanza katika mpangilio wa kudumu. Ukifanya hivyo, mashine itamaliza kusakinisha, itajiwasha upya, itaenda tena kwenye mtandao, na kuanza kufuta diski iliyotoka kuandikwa. Itazunguka hivyo hadi mtu aizime. Acha diski iwe ya kwanza, na utumie kitufe cha kuchagua mara moja, ambacho kwa kompyuta nyingi za Dell na Lenovo ni F12 na kwa HP ni F9. Mashine yenye diski tupu haihitaji hata hilo: ikikosa cha kuwasha kwenye diski itaenda mtandaoni yenyewe.

Anza na mashine moja hadi imalize kupakua vifurushi. Hiyo ndiyo inayojaza ghala la apt-cacher-ng. Ukiwasha 30 kwa mpigo ghala likiwa tupu, zote zitangojea intaneti ile ile nyembamba. Baada ya hapo ziwashe kwa makundi ya tano hadi kumi. Umeme ukikatika katikati hakuna kilichopotea, iwashe mashine tena kupitia mtandao ianze upya.

## Yanayokwama, na sababu zake

PXE-E51, yaani hakuna aliyetoa anwani. Kagua kebo, kisha uangalie `journalctl -u dnsmasq -f` wakati mashine inawaka. Kama maombi hayaonekani kabisa, mara nyingi ni swichi: zile zinazosimamiwa hutumia spanning tree, na mlango huchukua hadi sekunde 30 kabla ya kupitisha data. Mashine inakuwa imeshakata tamaa. Washa portfast kwenye milango hiyo, au tumia swichi ya kawaida isiyosimamiwa.

PXE-E53, anwani imepatikana lakini jina la faili halikuja. Ama kuna kisambaza anwani kingine kwenye mtandao, kwa kawaida rauta iliyochomekwa na mtu, ama mistari ya dhcp-boot imekosewa. PXE-E32 ni TFTP (huduma inayotuma mafaili ya kuwashia) kutojibu: ukuta wa moto wa seva unazuia UDP 69, au huduma haijawashwa.

Kisakinishi kinawaka, kisha kinalalamika kwamba hakuna moduli za kerneli. Mafaili yako ya netboot yamezeeka. Debian ilitoa toleo dogo jipya, kerneli kwenye hazina ikabadilika, na moduli za ile uliyo nayo hazipo tena. Pakua netboot.tar.gz upya. Ikifunguliwa itaandika juu ya pxelinux.cfg/default na grub.cfg, kwa hiyo hifadhi nakala za mafaili hayo mawili kwanza.

Saini za hazina kukataliwa, au ujumbe kwamba faili la Release bado halijaanza kutumika. Kompyuta za mitumba zilizokaa stoo huwa na betri ya ubao mama iliyokufa, na saa yake inasoma miaka ya nyuma. Kwa mashine hiyo, saini iliyotolewa mwaka huu imetoka siku zijazo. Kuisawazisha saa kwa mtandao kunaweza kuja kwa kuchelewa, kwa hiyo weka tarehe kwa mkono katika BIOS na ubadilishe betri. Ni CR2032, ile ya duara inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme.

Kadi ya mtandao haionekani ingawa PXE ilifanya kazi. Mafaili ya netboot hayana femuwea zisizo huru (programu ndogo zinazohitajika na kadi yenyewe), tofauti na ISO rasmi za Debian 12. Baadhi ya kadi za Broadcom za seva hazisogei bila hizo. Debian hutoa fungu la femuwea lililokwisha kupangwa kama cpio. Liunganishe nyuma ya initrd, yaani fungu la mafaili linalopakiwa pamoja na kerneli:

```
cat initrd.gz firmware.cpio.gz > initrd-fw.gz
```

Kisha uelekeze vigezo vya kuwashia kwenye faili jipya.

## Mahali pasipo na PXE

Kompyuta mpakato nyembamba hazina tundu la kebo, na PXE haipiti kwenye Wi-Fi. Hapo tumia flashi, na faili la majibu liingie ndani ya initrd yenyewe. Fungua yaliyomo kwenye ISO katika folda iitwayo isofiles, kisha:

```
chmod -R +w isofiles/install.amd
gunzip isofiles/install.amd/initrd.gz
echo preseed.cfg | cpio -H newc -o -A -F isofiles/install.amd/initrd
gzip isofiles/install.amd/initrd
```

Jenga ISO upya kwa xorriso, uiandike kwenye flashi. Kwa njia hii faili husomwa kabla ya kitu chochote, kwa hiyo hata maswali ya mtandao na lugha hujibiwa humo humo. Lakini mambo mawili hubadilika. Flashi yenyewe sasa ni diski kwenye orodha ya list-devices, na huenda ikawa ya kwanza, kwa hiyo amri ya kuchagua diski lazima iikwepe: itaje NVMe peke yake, na isipopatikana acha kisakinishi kiulize. Na flashi hiyo ifutayo diski bila kuuliza haifai kuachwa mezani. Ibandike lebo, na ukimaliza uifute.

Ukimaliza maabara nzima, simamisha dnsmasq kwa `systemctl disable --now dnsmasq`, ondoa preseed.cfg kwenye /var/www/html, na ubadilishe nywila ya msimamizi kwenye mashine zote kupitia SSH. Ghala la apt-cacher-ng liache lilivyo, litakufaa kwa masasisho.